Ushuhuda Usiokuwa Wake

Ninyi wa Bagira, wa Kadutu, na ninyi wa Ibanda ambao huwa mnajiona hamhusiki, sogeeni. Ninyi mliofungua milango yenu mkaingiza mtoto wa mwenzenu wakati wa mashaka, habari hii inawahusu kabla haijamhusu mtu mwingine. Sisemi mlikosea. Mlifanya vizuri sana, na hapo ndipo ninapoingiwa na hofu, kwa sababu wema nao hulevya kama kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Tofauti ni kwamba mlevi wa wema hanuki mdomo, kwa hiyo hakuna wa kumwambia akapumzike.

Basi ilikuwa Jumamosi moja kule Kasha, mtaa wa Bagira hapa Bukavu. Mvua ilikuwa imepiga asubuhi na kuacha njia zote utelezi, kisha jua likatoka na majirani wakaanika nguo. Bibiane alikuwa amekaa barazani kwenye kiti kifupi, ungo wa maharage magotini. Kando yake alikaa Eulalie, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye hakumzaa. Walikuwa wakichambua maharage kimya kimya, mawe huku, punje huku, na juu ya mbabula, jiko la makaa, sufuria ya maji ilikuwa inaanza kuchemka. Mpita njia angesema ni mama na mwanawe.

Bibiane alikuwa mwanamke wa kuheshimika. Alikuwa katibu katika chuo kimoja cha mjini, alijua kompyuta, alijua Kifaransa cha barua, na kanisani alikaa mistari ya mbele. Watu walimwita Maman Charlène kwa jina la binti yake wa pekee, aliyekuwa anamaliza sekondari. Mumewe, Barthélemy, alikuwa mwalimu wa hesabu na mtu wa maneno machache. Akisema jambo moja asubuhi, ujue siku hiyo amezungumza.

Eulalie alitoka upande wa Bunyakiri. Jina hilo nimempa mimi, lake halisi linabaki kwake. Vita ilipofika kijijini kwao kila mtu alikimbia uso wake ulikoelekea. Baba yake alikuwa amekufa zamani, na siku ile mama yake alikuwa shambani, mlima mwingine. Mtoto akafika Bukavu pamoja na watu asiowajua. Kuna shirika moja linalowatafutia watoto kama hao nyumba za kukaa huku likiwatafuta ndugu zao. Hilo ndilo lililomleta kwa Bibiane, kwa mkono wa Firmin, assistant social wake, yaani msaidizi wa jamii, mtu mpole asiyependa kuinua sauti.

Kabla ya kupewa mtoto, familia zote zilikusanywa zikafundishwa. Bibiane alikaa mbele, kama kawaida yake. Firmin akauliza, "Kitu mutoto anakuambia mu siri, iko ya nani?" Wengine wakatazamana. Bibiane akainua mkono akajibu, "Iko ya mutoto." Watu wakampigia makofi, naye akaketi akinyoosha kikwembe chake cha kitenge. Nawaomba mlishike jibu hilo, tutalirudia.

Na tumtendee haki. Bibiane hakuwa mama mbaya. Siku za kwanza Eulalie alikuwa anaficha bugali chini ya mto, akilala na viatu miguuni kama mtu anayengoja kuitwa akimbie. Mwingine angemgombeza. Bibiane alimtafutia kopo la plastiki lenye kifuniko, akamwambia, "Weka chakula yako humu, panya isiikule. Hii kopo iko yako, hakuna mutu ataigusa." Kuhusu viatu hakusema neno, alibadilisha mashuka tu. Polepole lile kopo likaanza kukaa tupu. Viatu vikashuka vikalala chini ya kitanda. Na siku moja, bila mtu kumfundisha, mtoto akamwita "maman". Bibiane aliingia jikoni akajifanya moshi umemwingia machoni.

Jumamosi ile ya maharage akapita jirani yao, Apolline, mwimbaji wa kwaya, na mtoto wake mchanga mikononi. Alikuwa na haraka ya kwenda kuchota maji kabla hayajakatika.

"Eulalie, kuya umubebe uyu kidogo ku mugongo. Minarudia sasa hivi."

Eulalie alisimama akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Ungo ulipinduka, maharage yakatawanyika baraza nzima. Mikono alikuwa ameificha nyuma.

"Uyu mutoto iko na kiburi," Apolline akasema. "Bamukaribishe mu nyumba, bamuvike, alafu kubeba mutoto wa jirani inamushinda."

"Muache, Maman Bruno," Bibiane akamjibu Apolline. "Enda na mutoto yako, mayi itakatika."

Apolline akaenda akinung'unika. Eulalie akapiga magoti na kuanza kuokota maharage, punje moja moja, na huku akiokota akaanza kusema. Alisema akitazama sakafu. Bibiane alishuka kwenye kiti akakaa naye chini, hakumkatiza, hakuuliza swali.

Alichosema hamtakisikia kwangu. Najua mnakitaka, mmeshainamisha masikio. Nitawaambia kile tu kinachowatosha. Eulalie alikuwa na mdogo wake wa kiume, Josué, ambaye alikuwa hajajua kutembea sawasawa. Alitoka nyumbani kwao akimbeba mgongoni kwa kikwembe cha mama yao, na alifika Bukavu mgongo mtupu. Kilichotokea katikati, porini, kwa hofu yake na kwa amri ya watu wazima waliokuwa wanakimbia naye, ni chake.

Alipomaliza, maharage yote yalikuwa yamerudi kwenye ungo. Ndipo akamtazama Bibiane.

"Maman, usiambie mutu. Ata Papa, ata Charlène. Siku mama yangu atapatikana, nitamuambia mimi mwenyewe na kinywa yangu. Minataka asikie kwangu."

"Sitaambia mutu," Bibiane akasema, akaweka kiganja kifuani. "Itakaa hapa."

Na alikuwa anasema kweli. Watu wengi wanaovunja ahadi hawakuwa wanadanganya walipoitoa.

Sasa ikakaribia Jumapili ya akina mama. Mnaijua siku hiyo katika makanisa yetu: vikwembe vya aina moja vinashonwa, kwaya inafanya mazoezi mpaka sauti zinakauka, na akina mama wanatoa ushuhuda. Nani asiyejua kwamba ushuhuda nao una daraja zake? Aliyeponywa homa anapata amen ya adabu. Aliyefufuka hospitalini watu wanasimama. Anayetoa ushuhuda mzito mwaka huu, mwaka ujao anaingizwa kwenye kamati. Mwaka uliotangulia Apolline alikuwa ameangusha kanisa zima kwa habari ya uzazi wake, na tangu hapo hatembei, anaelea.

Rais wa akina mama akamfuata Bibiane. "Maman Charlène, weye ulipokea mutoto wa vita. Mungu anataka batu basikie. Utasimama."

Bibiane akakubali. Alijipanga vizuri: atazungumza juu ya kukaribisha wageni, atasoma mistari yake, atataja kwamba nyumbani kwake kuna mtoto, basi. Lile la barazani hata halikumjia. Alimshonea Eulalie gauni la kitambaa kilekile cha akina mama, na mtoto alifurahi, alijizungusha mbele ya kioo. Charlène akapewa simu. "Unipige video muzuri," mama yake akamwambia. "Usikate kichwa."

Siku ikafika. Kabla ya Bibiane walisimama wanawake wawili. Mmoja alisimulia jinsi gari lilivyopinduka na yeye akatoka bila mkwaruzo, mwingine habari ya mume aliyerudi baada ya watu kumlilia matanga. Kanisa lilikuwa limechemka. Halafu Bibiane akashika kipaza sauti na kuanza na mistari yake juu ya wageni. Joto lilikuwa jingi. Mama mmoja akaanza kujipepea kwa kitabu cha nyimbo, mwingine akafungua mkoba kutafuta kitu. Mchungaji akatupia jicho saa ya ukutani. Apolline, kule kwenye kwaya, alikuwa anatabasamu kwa huruma.

Bibiane akasikia kanisa linamponyoka. Ndugu zangu, hapo ndipo palipoharibikia. Hakuwa na haja ya fedha, hakuwa na chuki na mtu. Alitaka wamsikilize.

"Eulalie," akaita, "kuya hapa mbele."

Mtoto akaja na gauni lake jipya, akidhani anaitwa kusalimia. Bibiane akamwekea mkono begani na kusema. Alisema yote. Alimtaja Josué kwa jina, akataja mahali, akataja kikwembe cha mama yao. Wa kujipepea akaacha kujipepea. Watu wakasimama, wengine wakalia, amen ikagonga bati. Bibiane naye akalia, na machozi yake hayakuwa ya maigizo.

Lakini katikati ya maneno aliusikia mkono wake. Lile bega la mtoto lilikuwa limekuwa gumu kama ubao. Alilisikia, akajua maana yake, na akaendelea mpaka mwisho. Jambo hilo ndilo analoliona mpaka leo akifumba macho, kuliko hata maneno yenyewe.

Baada ya ibada akina mama walipanga mstari kumkumbatia Eulalie. "Pole, mutoto. Mungu alisha kukusamehe," walimwambia mmoja baada ya mwingine, kana kwamba alikuwa na dhambi ya kusamehewa. Eulalie alisimama mikono ikiwa pembeni, akikumbatiwa kama nguzo. Bibiane alikuwa karibu, akipokea pongezi, na rais wa akina mama alikuwa amemshika mkono hamwachii.

Nyumbani Barthélemy alivua koti, akakaa, akatoa lile neno lake moja la siku.

"Mutoto alikupatia ruhusa?"

"Ilikuwa kwa utukufu wa Mungu," Bibiane akamjibu kwa ukali.

"Mungu alikuwa anajua tayari," Barthélemy akasema.

Bibiane aliingia chumbani kwa watoto akamkuta Eulalie amelivua gauni, amelikunja vizuri na kuliweka juu ya kitanda cha Charlène, kama kitu cha mwenyewe. Akamuuliza kama anaumwa. "Hapana." Akamuuliza kama amekasirika. "Hapana." Asubuhi yake, alipokuwa anatandika, akakuta viatu ndani ya shuka. Na lile kopo la plastiki lilikuwa limejaa bugali, kifuniko kimebanwa.

Alijiambia mtoto amechoka tu. Tunajua kujidanganya, sisi watu wazima, tena kwa sauti tamu. Kwenye bomba la maji watoto wa jirani walikuwa wameanza kumnyooshea Eulalie kidole, na alipoacha kwenda kuchota, Bibiane alisema ni afadhali, apumzike.

Ile video nayo ilikuwa haipumziki. Charlène aliituma kwenye WhatsApp ya kwaya kama mama yake alivyotaka. Apolline akaituma kwa dada yake, dada yake kwa kanisa jingine. Picha ya mtoto wa watu aliyevaa gauni la sikukuu, na sauti ya mwanamke aliyesoma ikisimulia vizuri, nani asingeituma? Ikapanda barabara ya Kavumu bila kulipa nauli, mpaka mji mdogo wa Miti.

Wiki zikapita. Jioni moja Firmin akaja bila kutoa taarifa. Hakukubali kiti mara moja.

"Maman Charlène, mama ya Eulalie ameonekana. Iko Miti, pamoja na batu benye balikimbia."

Bibiane akapiga makofi. Moyo wake ulikuwa umebeba kitu kizito wiki zile zote, na sasa aliona pa kukitua. "Ni ule ushuhuda," akasema. "Ameona video, si ni vile? Unaona Mungu anavyofanya kazi. Nilikuwa nafikiri nilikosea, kumbe."

Firmin akakaa. Alitazama mikono yake.

"Ameona video, ndiyo. Mimi nilikuwa nimesha sikia habari yake kabla ya ile video. Ilibakia tu kwenda kumuona, kukaa naye, kumutayarisha polepole. Nilipofika nilikuta simu imenitangulia." Akainua macho. "Ile mama alikuwa bado anangoja batoto babili, Maman Charlène. Alikuwa anajiambia kama Eulalie iko muzima, basi Josué iko ku mugongo yake. Hakuna mutu alimushika mukono wakati wa kusikia."

Bibiane akakumbuka makofi aliyopigiwa siku ya mafunzo. Alitamani Firmin amgombeze, lakini Firmin alisema tu watakuja kesho, akaaga.

Kesho yake, kabla ya saa ya wageni, baraza ilikuwa imejaa watu. Bibiane hakuwaalika, lakini alikuwa amemwambia mtu mmoja, na mtu mmoja Kasha anatosha. Apolline alikuja na wenzake wa kwaya, vikwembe vya Jumapili, tayari kuimba. Rais wa akina mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha Barthélemy. Eulalie alikuwa mlangoni mwa jikoni, amevaa nguo aliyokuja nayo siku ya kwanza, ambayo ilikuwa imeanza kumbana.

Firmin akaingia na mwanamke mwembamba, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Kwaya ikataka kuanza, Firmin akainua mkono, ikanyamaza. Yule mwanamke, Maman Eulalie, hakumtazama mtu. Alimwendea mwanawe moja kwa moja, akampapasa uso, mabega, mikono, kama mtu anayekagua kama vyote vimefika. Kisha akamkumbatia.

Eulalie akajitoa kidogo kifuani. Bibiane, aliyekuwa hatua chache tu, alijua kinachokuja na akatamani ardhi imfunike.

"Maman, minataka nikuambie kitu. Ile siku, mimi na Josué..."

"Nyamaza, mwanangu," mama yake akasema kwa upole. "Nilisha kusikia."

"Ulisikia ku nani?"

Mama aliinua macho, yakapita juu ya vikwembe vya kwaya, yakamfikia Bibiane na kutulia hapo. Eulalie akayafuata yale macho. Kisha akafunga mdomo. Yale maneno aliyoyatunza muda wote ule, aliyoyapanga na kuyapangua, yalikuwa hayana tena mtu wa kuambiwa.

"Tulikuwa kwenye mstari wa maji," Maman Eulalie akasema, akimwambia Bibiane, bila ukali. "Mwanamuke moya akaniita, kuya uone, uyu si mutoto wako? Nilimuona. Nilicheka, nilipiga magoti nikicheka. Alafu sauti yako ikaendelea. Mu ile simu batu balikuwa banasema amen. Mimi nilikuwa natafuta fasi ya kulilia mutoto wangu, lakini batu balikuwa bengi, bote bananiangalia."

Apolline aliinamisha kichwa akawa anakunja pindo la kikwembe chake.

"Ulimulisha mutoto wangu," akaendelea. "Ulimuvika, ulimulalisha fasi ya muzuri. Kwa ile yote Mungu akulipe, mimi sina kitu ya kukulipa. Lakini kuko kitu alikupatia umutunzie. Ile haikukuwa yako."

Bibiane akapiga magoti. "Nisamehe, maman."

"Omba yeye," Maman Eulalie akasema.

Bibiane akamgeukia mtoto, akafungua mdomo, na papo hapo akaona macho ya watu wote barazani, na mkono wa mmoja ukitafuta simu kwenye mkoba. Akaelewa kwamba hata msamaha huu, ukiombwa mbele ya kwaya, utakuwa ushuhuda mwingine. Akasimama.

"Bamaman, muende kwanza. Minaomba muende."

"Ata maombi moya ya shukrani?" rais akauliza.

"Muende."

Wakaondoka wameudhika. Apolline alisema njiani kwamba watu waliosoma hawana adabu. Nyumba ilipotulia, Bibiane akarudi kwa Eulalie, akainama mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Nilikuahidi, alafu nikavunja. Hukufanya mubaya. Ni mimi nilifanya mubaya. Nisamehe."

Eulalie alimtazama kwa adabu kabisa.

"Haina shida, madame," akasema.

Madame. Neno la kumwitia mwalimu mgeni, au mke wa mkubwa wa ofisi. Hakulisema kwa hasira. Aliingia chumbani akachukua mkoba wake, akamshika mama yake mkono, na wakateremka ile njia ya utelezi pamoja na Firmin kwenda kupanda gari la Miti. Bibiane alisimama mlangoni mpaka walipokata kona, na mtoto hakugeuka.

Mezani jikoni alikuta lile kopo la plastiki. Lilikuwa limeoshwa na kukaushwa, kifuniko kimewekwa kando, likarudishwa kwa wenyewe.

Jumapili iliyofuata mchungaji akatangaza kwa furaha kwamba mama wa yule mtoto wa vita amepatikana, na akamwita Maman Charlène aje amshukuru Mungu mbele ya kanisa. Makofi yakapigwa. Bibiane akasimama palepale alipokuwa, mistari ya nyuma, karibu na mlango, kwa sababu mbele miguu ilimkataa. "Sina ushuhuda, Pasta," akasema, akaketi. Watu walidhani anaumwa. Alikuwa na haya tu, haya isiyo na dawa ya hospitali, na Barthélemy aliyekuwa ubavuni pake akasogeza bega lake likagusa lake.

Shirika halikumpa mtoto mwingine. Firmin alimwambia hivyo waziwazi, naye hakubisha. Aliomba jambo moja tu, aruhusiwe kusema na familia mpya zitakapokusanywa.

"Utasema yako," Firmin akamwambia. "Yake hapana."

Basi akaenda, akakaa nyuma. Firmin akafundisha, akafika kwenye lile swali. "Kitu mutoto anakuambia mu siri, iko ya nani?" Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele, amevaa vizuri, akainua mkono haraka. "Iko ya mutoto," akasema, na watu wakampigia makofi. Bibiane alimtazama yule mwanamke akiketi na kunyoosha kikwembe chake. Kisha akasimama, akaenda mbele, akaanza kuwaambia jinsi ilivyo rahisi kulijua jibu hilo.

FUNZO

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kitapona, ila neno likishatoka hata ukilikimbilia kwa miguu minne hulipati, na siku hizi neno linapanda simu.

Wewe unayemlea mtoto wa mwenzako kwa muda, chakula na kitanda ni vyako kutoa. Maisha ya yule mtoto si yako kutoa. Usimsimamishe mbele za watu, usimpige picha za kuonyesha wema wako, usimweleze jirani kwa nini analia au kwa nini anakojoa kitandani. Akikuambia jambo, lipokee ukae nalo. Kama ni jambo la hatari, ambalo lazima msaidizi wake alijue ili mtoto alindwe, mwambie mtoto kwanza kwamba utamwambia mtu huyo, na kwa nini, kisha umwambie huyo peke yake. Usimwahidi kunyamaza mahali ambapo hutaweza kunyamaza.

Ukikosea, na utakosea, omba radhi bila watazamaji, na usitegemee kwamba radhi italipa. Mtoto ana haki ya kukuita madame.

Na ninyi wachungaji na marais wa akina mama, acheni kuwasukuma watu. Tenda wema nenda zako, ndivyo tulivyofundishwa, wala haikusemwa nenda zako kwenye kipaza sauti.

Najua kuna mmoja wenu aliyenisikiliza mpaka hapa na bado moyoni anajiuliza Eulalie alisema nini siku ile ya maharage. Huyo aanze kuisikiliza habari hii upya, maana nilikuwa nazungumza naye.